Mtungi Uliotembea Wenyewe

Mama Mbuvi anasema aliona kwa macho yake mwenyewe, na anaapa kwa kaburi la mamake, kwamba mtungi wake wa maji ulitembea.

Si ule mkubwa wa plastiki anaobeba mgongoni, anasema, ila mdogo wake, mfano wake, umefinyangwa kwa udongo, hauzidi kidole gumba, njano tupu na kifuniko cha buluu kama chake. Alikuwa anapita nyuma ya jikoni kwa kina Kanyiva akitafuta kuku aliyepotea, akachungulia katikati ya miba ya ua. Akamwona Kanyiva, msichana wa hapo, amepiga magoti mbele ya mitungi midogo iliyopangwa kwa laini moja, kama mtu anayeomba, lakini haombi. Ananyosha kidole, anagusa, anarudi nyuma, anashika pumzi. Anagusa tena, anarudi, anashika pumzi.

"Halafu akashika simu akacheka peke yake," Mama Mbuvi husema. "Na mimi, kutoka pale nilikuwa, nikaona ndani ya hiyo simu mtungi wangu unaenda. Miguu hauna, lakini unaenda! Kitako huku, kitako huku, kama bata. Halafu ukageuka, ukaniangalia."

Hapo lazima mtu aulize mtungi unaangalia na nini.

"Na kifuniko," hujibu, bila kumeza mate.

Siku ya kwanza aliposimulia, pale kwa kusagia unga, mtungi ulikuwa umesogea tu. Habari ilipofika kwa wanawake wanaosuka vyondo, ulikuwa unakimbia. Kufikia siku ya soko ulikuwa umemwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo mamake peke yake ndiye aliyemwitia. Lakini kilichowafanya watu waache kucheka ni neno la mwisho, ambalo Mama Mbuvi alilisema kwa sauti ya chini.

"Sasa niulizeni udongo wenyewe ulitoka wapi. Nilimwona na kijiko pale kwa bomba. Anachota pale pale nilipokuwa nimekanyaga."

Na huku Nuu, mtu akichota udongo wa nyayo zako, hakuna anayefikiri anaenda kupanda maua. Hiyo ni uoi, uchawi ambao watu wazima hawautaji mbele ya watoto.

Kanyiva alipoletewa hayo maneno alikuwa anaosha kijiko kile kile.

Alikisuuza, akakianika. Alikuwa mtu wa kungoja, na kungoja kwake hakukuwa kwa mtu mnyonge. Alipomaliza darasa la nane na masomo yakaishia hapo, alienda Mtito Andei kuosha sahani kwenye hoteli ya kando ya barabara, mahali madereva wa malori wanashuka kula kabla ya kushika tena njia ya Mombasa. Juu ya friji ya soda kulikuwa na televisheni. Siku moja, baada ya taarifa na kabla ya mpira, ikaonyeshwa filamu fupi isiyokuwa na neno hata moja. Mzee wa udongo na kiti. Mzee anataka kukaa, kiti hakitaki kukaliwa. Mzee akijifanya anaangalia mawingu, kiti nacho kinajifanya hakijui, halafu mzee anajitupa ghafla, na kiti, hatua moja pembeni.

Madereva, watu ambao wameona kila aina ya ajabu kutoka Mombasa mpaka Malaba, waliacha mikono kwenye sahani. Mmoja alicheka mpaka supu ikamtoka puani.

Kanyiva naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa yameona kitu kingine. Kwenye shavu la yule mzee kulikuwa na alama ya kidole. Ikaonekana, ikapotea, ikarudi pembeni ya pua. Akasimama na sahani chafu mkononi. Kumbe kuna mtu! Mtu amekaa mahali, amemgusa huyu mzee shavu, amemsogeza kiasi cha punje ya mtama, amempiga picha, amemgusa tena. Katuni nyingine za hiyo televisheni zilikuwa nyororo kama sabuni. Hii ilitetemeka. Na ule mtetemeko ndio uliochekesha, kwa maana mzee alionekana anajikaza sana, maskini, kuwa hai.

Aliporudi Nuu kumsaidia mamake, Nduku, ambaye mgongo ulikuwa umeanza kumkataa, alirudi na simu yenye ufa kwenye kioo na hamu moja. Simu aliichomeka kwenye kopo la maziwa ya unga lililojaa mchanga isiyumbe. Juu alitandaza shuka, kwa sababu jua likiingia wingu kidogo tu, picha zinapepesa kama mtu mwenye vumbi jichoni. Rangi ya njano aliipata kwenye bizari. Kifuniko cha buluu alikikata kutoka kwa kalamu. Akajifunza kwamba ukisogeza kitu sana kinaruka kama panzi, ukikisogeza kidogo mno kinalala, na ukipumua wakati wa kubonyeza, kazi ya asubuhi nzima inatikisika. Kuku akipita katikati, unaanza upya. Sandra, msichana wa mji wa Wote aliyefanya kazi naye Mtito Andei, siku hizi alikuwa anaonyesha filamu fupi za vijana ukumbini huko kwao, kwenye shuka jeupe. Alikuwa amemwambia: nitumie yako ikiisha, nitaionyesha. Ikiisha, si nusu.

Nayo ilikuwa imebaki mwisho tu.

Hadithi yenyewe Kanyiva hakuitafuta mbali. Kwa bomba la Nuu watu hawapangi laini kwa miguu. Mtungi ndio unapanga laini. Unauacha nyuma ya mwenzake, unaenda kivulini, na ukirudi unaukuta umengoja badala yako. Mitungi yote ni ya njano, ya mafuta ya kupikia, kwa hiyo kila mtu anajua wake kwa kifuniko: mwingine mwekundu, mwingine wa kijani, wa Nduku umezibwa na gunzi la mahindi. Wa Mama Mbuvi ni wa buluu. Na huo wa buluu ulikuwa na tabia. Ukiuacha wa nane, ukirudi ni wa tatu.

Akiulizwa, Mama Mbuvi alikuwa na jibu moja, miaka nenda miaka rudi. Aliweka mikono kiunoni akasema, "Mimi sijausogeza. Labda umetembea wenyewe."

Hakuna aliyemjibu. Mama Mbuvi ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kanisani, na ulimi wake ungeweza kukuchuna ngozi ukiwa bado unatabasamu. Kila buluu iliposogea mbele, gunzi la Nduku lilirudi nyuma. Kanyiva alikuwa anaangalia. Siku zote alikuwa anaangalia.

Jumapili baada ya ibada, Mzee Musyimi aliwaita watu kwenye kivuli cha tangi la maji. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa hiyo kesi ikimpita mkono mmoja inadakwa na mwingine.

"Kanyiva," alianza, "wewe ni mtoto wetu. Umebatizwa hapa hapa. Huo udongo ulitoa wapi?"

"Hapa kwa bomba, mzee."

Watu wakaguna. Mama Mbuvi akatazama kila mtu kwa zamu.

"Na kwa nini hapa?"

"Mzee, nionyeshe mahali pengine Nuu hii yote penye matope, na huu ukame."

Kuna mtu nyuma alikohoa kicheko. Mzee Musyimi naye alitazama chini, akakuna kidevu.

"Lakini alichota mahali nimesimama mimi!" Mama Mbuvi aliruka. "Mwulizeni! Mahali mguu wangu umekanyaga!"

"Ni kweli, mama," Kanyiva alisema. "Matope iko mbele, penye bomba. Na mbele ndipo unasimama kila siku."

Sasa hata waliokuwa wanaogopa uoi walicheka. Mzee Musyimi akainua fimbo.

"Kimya! Hii si sinema." Akafikiri kidogo. "Lakini hiyo kitu ya simu, tuione. Mtu hahukumiwi kwa kitu watu hawajaona."

Juani kioo cha simu kilikuwa cheusi kama sufuria. Nduku akatoa leso begani, akawafunika nayo Mzee Musyimi na wanawake wawili, na Kanyiva akaingiza mkono wenye simu chini yake. Walio nje waliona leso tu, na vichwa vitatu vikigongana ndani yake.

Kwanza kimya. Halafu sauti ya mwanamke: "Asi! Hiyo si ni gunzi la Nduku?" Halafu leso ikaanza kutikisika. "Ona, ona, inajifanya inalala!" Mzee Musyimi, mtu ambaye watu hawakukumbuka lini alicheka, alitoa sauti kama mbuzi anayepiga chafya. Alipotoka, kofia imekaa upande, alisema kwa ukali, "Wengine waingie," na alipodhani hakuna anayemwona akapangusa jicho.

Waliingia watatu watatu. Waliotoka hawakutaka kuondoka. Waliona vile mtungi wa buluu unavyongoja wenzake wasinzie, unajivuta kitako kimoja, kitako cha pili, unapenya, halafu wengine wakiamka unasimama tuli, kifuniko juu, msafi kama malaika. Waliona vile mtungi wa gunzi unaugeukia, unautazama kwa muda mrefu, halafu unatazama mbele tena kwa sababu utasema nini. Hapo ndipo wanawake walicheka zaidi, na hapo ndipo Nduku, alipoingia yeye, alinyamaza. Filamu ilikatikia pale buluu inapobakisha mtungi mmoja tu kufika kwa bomba.

"Na mwisho?" watu wakauliza. "Mwisho iko wapi? Unafika?"

"Sijamaliza."

Mama Mbuvi aliingia peke yake. Alikataa kugongana vichwa na mtu. Leso ilisimama bila kutikisika hata kidogo, kama imetundikwa kwenye mti. Alipoifunua, uso wake ulikuwa na jasho.

"Huyo si mimi," alisema.

Hakuna mtu aliyekuwa amesema ni yeye.

Kicheko kilichofuata kilifukuza ndege juu ya tangi. Mama Mbuvi aliokota mkoba wake wa Biblia akaenda, shingo wima, na njiani watoto wawili wakamfuata kwa nyuma wakipepesuka, kitako huku, kitako huku.

Mzee Musyimi alingoja watu watulie. Alipoongea, sauti ilikuwa imebadilika.

"Uoi hakuna. Hilo limeisha, na asiwepo mtu wa kulirudia. Lakini dharau iko. Yule ni mama wa watu, Kanyiva. Umemfanya kitu cha kuchekwa hata na watoto. Utavunja hiyo mitungi yako, utafuta hiyo kitu kwa simu, na Jumapili ijayo utamwomba msamaha mbele ya kanisa."

"Sitafuta, mzee."

Mzee Musyimi aliinamisha sikio.

"Umesema?"

"Nimesema sitafuta." Alishikanisha mikono nyuma. "Nimetaja jina la nani? Mama alituambia miaka yote, mtungi umetembea wenyewe. Nyinyi wote mlikuwa mnasikia, mkanyamaza, na hakuna hata mmoja alimwamini. Mimi nilimwamini. Nimepiga picha kile niliambiwa."

"Mtoto, usichezee maneno na mimi."

"Sichezi. Mamangu akirudishwa nyuma hapa hakuna mtu aliita mkutano. Mtungi wa udongo umesogea mbele, mmeita kijiji."

Mzee Musyimi alitazama pembeni, kwa sababu ni kweli na kwa sababu haikuwa njia ya kumwambia mzee. "Basi," alisema, "mpaka ufute, mtungi wenu usionekane kwa laini hii."

Njiani kurudi Kanyiva alingoja mamake amgombeze. Nduku alitembea mkono mmoja kiunoni mpaka mlangoni.

"Mwaitu," Kanyiva alisema, yaani mama kwa Kikamba, vile anavyomwita wakiwa wawili, "ukiniambia niifute nitaifuta. Wewe peke yako."

"Ile mtungi ya gunzi," Nduku alisema, "vile ilimwangalia mwenzake, halafu ikanyamaza. Ulijuaje?"

"Nilikuwa nakuangalia."

Nduku alivua viatu taratibu. "Ukiifuta nitakuwa nimerudishwa nyuma mara ya pili. Maliza."

Wakawa wanateka maji mtoni. Mto wenyewe ni mchanga mtupu wakati huo wa mwaka. Unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kibuyu, unangoja tena. Ni mbali na jua ni kali. Kanyiva alibeba mtungi ili mamake asibebe, na waliokutana naye njiani walimsalimu kwa haraka kisha wakauliza kwa sauti ya chini, "Na mwisho, ulifika?" Hata mke wa Mzee Musyimi aliuliza. Naye aliangalia nyuma kwanza.

Mwisho aliujua tangu mwanzo. Buluu itafika. Itaruka mtungi wa mwisho, itakaa chini ya bomba, itafungua kifuniko kwa maringo. Maji yataingia, yataingia, wote wakitazama, halafu itageuka iende zake, na hapo ndipo tutaona kwamba chini ina tundu. Kitobo kidogo cha mwiba. Maji yote yatabaki njiani, na mitungi mingine itayapitia ikiwa imelowa miguu ambayo haina. Maji alikuwa ameyakata kutoka kwa karatasi ya mkate, vipande vyembamba vinavyong'aa. Mwiba ulikuwa tayari kwenye kopo.

Alikuwa amefika pale buluu iko chini ya bomba, amepiga magoti chini ya shuka, kivuli kilipoanguka juu ya mitungi yote.

"Mwaitu, kivuli," alisema bila kugeuka, akidhani ni mamake.

Kivuli kilisogea. Kisha Mama Mbuvi akazunguka ua wa miba, akaingia kwa mlango kama mgeni wa kawaida, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Hujambo, Kanyiva."

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Sikuja kukuomba msamaha."

"Na mimi sijakuomba."

"Vizuri." Mama Mbuvi alitengeneza kitambaa kichwani. "Basi tunaelewana."

Wakakaa. Kanyiva alisogeza karatasi moja ya maji, akapiga picha. Akasogeza nyingine. Mama Mbuvi alitazama vidole vyake, na baada ya muda naye, bila kujua, akaanza kushika pumzi kila Kanyiva alipobonyeza.

"Ni kazi ya mwendawazimu," alisema.

"Ni kazi ya mtu ana subira."

"Watoto wananiita Mtungi. Nikianzisha wimbo kanisani wanapepesuka kwa benchi."

Kanyiva alisogeza kipande kingine cha maji. Hilo alikuwa amelisikia, na hakulifurahia kama alivyodhani atafurahia.

"Wewe unajua bwanangu yuko kitandani," Mama Mbuvi aliendelea, macho yake yakiwa kwenye mitungi. "Tangu alipoanguka, upande wa kushoto ukapooza. Hasogei. Namwosha asubuhi, namwosha mchana, namwosha jioni, na shuka zake pia. Maji ya kungoja zamu sina."

"Kila mtu anajua, mama. Ungesema tu, tungekupisha. Hata mamangu angekupisha."

"Niseme!" Mama Mbuvi alicheka, lakini kicheko kilikuwa na miba. "Nisimame pale niombe njia kwa mitungi ya watu? 'Nihurumieni, bwanangu amejichafua?' Afadhali muniite mwizi."

"Basi usikasirike tukikuita."

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza. Kanyiva aliona kwamba yule mama ana macho mekundu ya mtu asiyelala usiku, na hakuyakwepesha, wala hakuyaombea radhi. Mama Mbuvi naye aliona msichana aliyekuwa anapita kimya na mtungi wa gunzi miaka yote hiyo, kumbe anahifadhi kila kitu.

Kisha Mama Mbuvi akainama karibu. Alitazama buluu ndogo chini ya bomba la waya, bizari yake imepasuka kidogo, kifuniko chake cha kalamu kimefunguliwa nusu. Ubavuni mwa udongo kulikuwa na alama ya kidole.

"Hapa uliigusa," alisema.

"Nimeigusa kila mahali."

"Na hii inakuwaje? Ikishajaa?"

Kanyiva alinyosha mkono kwenye kopo, akatoa mwiba, akauweka juu ya kiganja ili auone. Akaugeuza mtungi kidogo, akamwonyesha chini, mahali pa kutoboa. Hakumficha kitu. Mama Mbuvi hakuwa mjinga. Alitazama mwiba, akatazama karatasi za mkate zinazong'aa, na midomo yake ikajaribu kucheka kabla hajaizuia, kwa sababu ilichekesha, hata kwake. Kisha ikaacha.

Upepo ulikuwa umetulia. Jua lilikuwa mahali pake. Mwanga wa namna hiyo haupatikani mara mbili kwa siku. Kanyiva aliurudisha mtungi chini ya bomba, akausogeza kwa ncha ya ukucha, kiasi cha punje ya mtama, akarudi nyuma, akaweka kidole juu ya kioo cha simu.

"Kanyiva," Mama Mbuvi alisema taratibu, "nimekubali ifike. Nimekubali wacheke. Lakini usiitoboe. Mwanangu, iache ifike na maji nyumbani."

Kanyiva alikuwa ameshika pumzi.